Maji ya Kwenye Kigingi cha Buluu

Kila mwezi nashuka kwenye kijito kinachopita chini ya mashimo ya dhahabu, upande wa Busia ya Uganda, najaza chupa nne za maji na kuzipeleka maabara. Ndiyo kazi yangu, na nilikuwa najivunia. Unavaa glavu, unaingia ukitazama maji yanakotoka ili usitibue matope, unazamisha chupa taratibu, unaifunga ikiwa bado majini, unaandika saa, unailaza kwenye boksi la barafu. Kisha unakimbizana na barafu hadi Tororo, na siku ambayo foleni ya malori ya mpakani Malaba imeziba njia unaweza kulia kwa hasira.

Kanuni kubwa ni moja: uchote palepale kila mara, la sivyo huwezi kulinganisha mwezi na mwezi. Kwa hiyo siku ya kwanza nilipigilia kigingi ukingoni, nikakipaka rangi ya buluu. Sikupachagua pale kwa bahati. Palikuwa pabaya kuliko pote, hatua chache chini ya mfereji wa kuoshea mchanga wa dhahabu, ambako wachimbaji wanachanganya zebaki kwa mikono mitupu kana kwamba wanakanda chapati. Asubuhi, kabla ya kuosha kuanza, maji ya pale yanang'aa. Zebaki haina haja ya kuonekana.

Majibu yalirudi mabaya mara ya kwanza, yakarudi mabaya mara ya pili. Niliyapeleka mbio kwa mkubwa wangu wa kazi, akayafungia kwenye faili na kunikumbusha karatasi niliyoitia sahihi: majibu ni mali ya ofisi, hayatoki mpaka ripoti ikamilike.

"Ukisema sasa, askari watafunga mashimo kesho," aliniambia. "Vijana watakula nini?"

Alinishika pabaya. Mdogo wangu wa kiume anachimba mashimo hayohayo. Alitoka kwetu Kirewa na mkewe, wakajenga kibanda kwa shangazi yetu, aliyeolewa kijijini hapo. Basi nikanyamaza, mwezi baada ya mwezi. Nilijifariji kwamba wenyeji wanachota kwenye chemchemi ya juu, ng'ambo ya mashamba ya mihogo. Ofisi yetu ni bingwa wa kufunika kombe mwanaharamu apite, na kombe hilo nami nilikuwa nimelishika kwa mikono miwili.

Kila nikimaliza kuchota, napanda kwa shangazi. Hakuachii uondoke kwake na koo kavu. Ukikataa chai anakuuliza kama siku hizi unasali dini nyingine. Mwezi uliopita nilikuwa nimeketi ndani na kikombe mkononi, nusu nimekwisha kunywa, wifi yangu akaingia na jerikeni kichwani, mkono mmoja kiunoni kwa uzito wa mimba. Kupitia mlango nilikuwa nimemwona akipanda. Hakutoka upande wa chemchemi.

"Wifi, mbona unatoka kijitoni?"

Shangazi alijibu kabla yake. "Chemchemi tuliacha siku mingi. Sisi sasa nachota pale kwa mti yako ya buluu. Kijiji yote."

"Kwa nini?"

"Kwani sisi ni wajinga?" Alicheka, mwenye furaha. "Tuliona wewe navaa glavu kama daktari, nachota polepole, naweka kwa barafu kama samaki ya kupeleka Ulaya. Serikali iko na mito mingapi? Haiwezi beba maji mbaya mpaka maabara. Na kama ingekuwa mbaya, wewe mtoto yetu ungesema."

Niliwakasirikia wao kwanza, Mungu anisamehe. Watu wazima, wanaona mtu anashika maji kwa glavu, wanakwenda kuyapikia ugali! Kisha nikamkasirikia mkubwa wangu, halafu hasira ikakosa pa kwenda. Nikisema, kazi imekwenda, na mashimo yakifungwa mdogo wangu atarudi Kirewa kugombania kipande cha shamba ambacho tayari hakitoshi. Nikinyamaza, nimalize chai yangu na kuaga. Nilitamani kutoka nje nipate hewa, lakini shangazi alikuwa amekaa mlangoni, na hata angenipisha, sikuwa na pa kukimbilia. Sijawahi kuogopa vile.

Nikasema. Niliwaambia maji yale yana zebaki, ileile mekyuri ya mashimoni. Kwamba ukichemsha haitoki, na kwamba inamdhuru zaidi mtoto aliye tumboni. Maneno yalinitoka vibaya, yakigongana. Shangazi alininyang'anya kikombe, akatoka nacho pamoja na sufuria, akamwaga vyote nyuma ya nyumba. Hakunitukana. Ningependa sana anitukane.

"Haki ya Mungu, sikujua kama mnachota pale," nilimwambia aliporudi.

"Hiyo tumesikia," alisema.

Wifi alikuwa bado amesimama na mzigo wake. Katika vurugu hiyo hakuna aliyekumbuka kumtua. Aliitua jerikeni mwenyewe, polepole, akaisukuma kwa mguu mpaka ukutani.

"Kuchota pale hukujua," alisema. "Lakini maji kuwa mbaya, hiyo ulijua. Tangu lini?"

Ningeweza kudanganya. Majibu yapo kwenye faili lililofungiwa ofisini Tororo, nani angekwenda kuyasoma?

"Tangu mwezi wa tatu," nikasema.

Hakupandisha sauti. Alinitazama kama anayenihurumia.

"Mimi nilishika mimba mwezi ya nne," alisema.