Dawa Isiyonuka

Mke wangu Zamda hakujua kukaa. Hata akila wali, mguu mmoja ulikuwa mlangoni. Tangu tumzike, mimi nami siwezi kukaa. Nikiingia chumbani, natoka. Basi nasema habari zake, labda miguu itatulia.

Enzi za ruksa, maduka yalipojaa tena, alikuwa na meza ya dawa za kuulia wadudu wa mimea mbele ya duka la Bwana Hasmukh, Kariakoo. Meza ya Hasmukh, mali ya Hasmukh, kelele za Zamda. Mimi nilikuwa fundi wa springi za magari, mtaa wa Gerezani. Mchana nilikwenda kula kwake.

Wateja walinunua kwa pua. Mtu anafungua chupa, ananusa. Ikimtoa machozi, anasema hii kali, inaua. Zamda alikohoa mwaka mzima kwa harufu hizo.

Siku moja Hasmukh akaleta pakiti za unga wa kijivu, dawa ya kuvu. Bwana shamba mmoja akamweleza Zamda.

"Humu mna wadudu wadogo, huwaoni kwa macho. Wanatoa vimeng'enya. Kuvu inayoozesha mimea ina ganda, na vimeng'enya vinaliyeyusha kama mate yanavyolainisha mkate. Lakini wako hai, mama. Joto likizidi, wanakufa."

Zamda alielewa upesi. Alikuwa mtu wa hamira ya maandazi, nayo hufa kwa joto. Akazitia pakiti ndani ya chungu, akakifunika kwa kitambaa kibichi, akakiweka chini ya meza.

Hakuna aliyenunua.

"Mama, unaniuzia udongo? Mbona haunuki?"

"Kama shida yako harufu, kanunue udi."

Wanacheka, wanakwenda zao.

Hasmukh akachoka. "Zamda, tia tone la mafuta ya taa kila pakiti. Watu wanataka harufu, wape."

"Utawaua."

"Nani, wateja?"

"Waliomo ndani."

"Basi uza. Mwezi ukiisha zipo bado, meza nampa mwingine."

Zamda hakulala. Tulikuwa hatuna jiko lingine ila ile meza, maana springi zilikuwa haba.

Kesho yake akaja Mbaruku, mlima nyanya wa bonde la Msimbazi. Miche yake ilikuwa inaoza shingo na kulala chini. Dawa kali alishamwaga, bado inalala.

"Nipe tuta moja, unalotaka kusia sasa," Zamda akamwambia. "Miche ikianguka, njoo unitukane hapa mbele za watu."

"Nitakuja, mama. Na sauti ninayo."

Jioni, jua lilipopoa, Zamda akaenda kuunyunyiza unga mwenyewe na maji. Tangu siku hiyo kila alfajiri yuko bondeni, anarudi na tope miguuni.

"Imeota?" namuuliza.

"Imeota."

"Imelala?"

"Imesimama."

"Basi kaa unywe chai."

"Nikae vipi, na leo ndiyo kwanza ina majani mawili?"

Mwezi ukawa unakaribia kwisha. Mchana mmoja nipo na bakuli langu la maharage, nikasikia sauti toka mbali.

"Yuko wapi mama wa udongo?"

Watu wakageuka. Wabeba mizigo wakasimama na magunia kichwani. Zamda akaacha kijiko, akasimama. Mbaruku akatua kopo juu ya meza. Ndani yake mche wa nyanya, shingo nene, umenyooka.

"Nipe unga wa matuta yote. Na hawa majirani zangu wanataka."

Jirani mmoja akachukua pakiti, akaipeleka puani. Mbaruku akampiga mkono.

"Usinuse, wewe! Ukipiga chafya utawamwaga."

Watu wakacheka. Hasmukh akaingia dukani, akatoka na mwavuli wake, akakikinga chungu na jua.

Meza haikuhama. Kikohozi nacho hakikuhama. Ndicho kilichomchukua, uzeeni.

Chungu kiko chumbani, hakina kitu. Asubuhi nalowesha kitambaa, nafunika. Halafu natoka.