Msiba Uliosikika Basi Zima

Sheria ya kumkataza dereva kushika simu akiwa anaendesha sina ugomvi nayo. Nimeona madereva wakiteremka mlima huku wanabonyeza simu kwa dole gumba, usukani wameuachia kiwiko, na nikawatukana kwa sauti bila haya. Ugomvi wangu ni na siku moja tu, na mpaka leo sijui nimgombeze nani.

Mwaka ule Warundi walivuka kwa wingi. Meli iliwatoa kwenye kijiji cha mpakani, ikawashusha Kigoma mjini, wakalala uwanjani, kisha mabasi ya kukodi yakawapeleka kambini upande wa Kasulu. Mimi ni Muha, Kirundi nakisikia bila taabu, kwa hiyo nikaajiriwa kuwa mkalimani kwenye basi mojawapo. Dereva wetu alikuwa mtu mzima wa Ujiji, mjukuu wa Wakongo waliohamia zamani, mtu wa swala tano na maneno mengi, ambaye Kirundi chake kiliishia kwenye salamu. Mimi nilimwita Mzee, yeye aliniita mwanangu.

Abiria wetu wengi hawakuwa na simu. Kila aliyeacha ndugu kule mpakani alimwomba Mzee namba yake, akaituma kwa mabaharia wa ile meli ili imfikie ndugu huyo. Basi simu ya Mzee ililia kutwa, naye alipokea zote, kisha akaninyooshea mimi niongee. Nilipomwambia aache mpaka tufike, aliniona mjinga.

"Mwanangu, huyu kaazima simu ya watu," alisema. "Nisipopokea sasa, baadaye nikipiga nitampata mwenye simu, siyo yeye."

Pale Kidahwe, njiani kuelekea Kasulu, trafiki alimkuta simu iko sikioni. Akamwandikia faini, akamwambia akirudia leseni itabaki kituoni. Mzee hakubisha. Kesho yake nilikuta simu imefungwa kwenye dashibodi kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, na ikilia anaigusa kwa kidole kimoja tu, sauti inatoka kwenye spika. Mimi nakaa kiti cha mbele na kujibu. Trafiki alichungulia, akaridhika.

Na nisiseme uongo, tuliipenda spika ile. Mtu aliyeko mpakani alisalimia, basi zima likaitikia. Mke aliyekaa viti vya nyuma kabisa alimsikia mumewe, akamjibu kwa kelele, watu wakacheka na kupiga vigelegele. Kwa watu waliokuwa wamepoteza karibu kila kitu, kilikuwa kicheko halali, nami nilicheka nao.

Ndipo akapanda mwanamke mmoja mwenye kichanga mgongoni. Mtoto wake mkubwa, wa kiume, alikuwa amebaki kule mpakani pamoja na mjomba wake, kaka wa huyo mwanamke, kwa kuwa alikuwa anaharisha na wagonjwa walizuiwa kupanda meli. Namba ya Mzee alikwisha kuituma kwa kaka huyo. Kabla hatujaondoka alinishika mkono akaniuliza kama simu ikilia nitamwita. Nikamwambia nitamwita.

Kwetu mtu aliye njiani haambiwi msiba. Anaambiwa mgonjwa amezidiwa, fanya haraka. Akifika anakuta watu wamekaa chini, kuna wa kumshika huku na wa kumshika kule, na hapo anaelewa mwenyewe. Warundi nao hufanya hivyo hivyo.

Tulipopita Kidahwe nilikuwa nyuma ya basi, nimemshikia bibi mmoja ndoo, anatapika. Simu ikalia. Mzee akaigusa, na kwa uchangamfu wake ule ule akasema, "Haloo! Ongea tu ndugu yangu, tunakusikia!"

Aliyepiga hakujua Kiswahili. Alianza kuongea Kirundi polepole, kwa adabu, kama mtu anayemnong'oneza mwenzake pembeni. Alimwomba dereva asimwambie dada yake kitu chochote njiani. Amfikishe kwanza, amtafutie wamama wa kukaa naye, ndipo aambiwe kwamba mtoto yitavye Imana, ameitikia wito wa Mungu.

"Sawa, sawa kabisa," Mzee akajibu bila kuelewa neno, macho yakiwa barabarani.

Nilisukuma mabunda na magoti ya watu nikipiga kelele azime. Nilichelewa. Yule mwanamke alikuwa amekwisha kusimama. Hakulia. Aliuliza kwa sauti kubwa, akielekea kwenye dashibodi, "Mmemzika wapi?"

Kaka yake akaitambua ile sauti. Tulisikia pumzi yake tu, kisha simu ikakatika.

Nilimweleza Mzee kilichosemwa. Akaegesha basi, akainamia usukani, akalia mbele ya abiria wake. Alipopiga ile namba alipokea baharia, akasema mtu aliyeazima simu amebaki ufukweni na wao wameshang'oa nanga. Wanawake walimteremsha mwenzao, wakakaa naye kwenye majani kando ya barabara mpaka askari aliyesindikiza msafara wa mabasi alipotuamuru tupande. Siwezi kumsamehe askari yule, ingawa najua naye alikuwa ametumwa.

Baada ya hapo Mzee aliapa. Simu aliizima tukiwa Kigoma na kuiwasha tukisharudi mjini. Hakuna mama mwingine atakayesikia vile kwenye basi lake, alisema, nami nilimsifu, nikaona kweli huyu ni mtu mwenye utu.

Tulipopeleka kundi jingine, yule mwanamke alikuwa anatusubiri kwenye lango la kambi. Kichanga kilikuwa mgongoni, yeye amekonda. Aliuliza kama kaka yake amepiga. Mzee akaniambia nimpe pole, nimweleze kwamba kwa heshima ya msiba wake siku hizi simu anaizima njia nzima.

Nikamtafsiria. Alimtazama Mzee kwa hasira ambayo sijaiona tena kwa mtu.

"Kufa kwa mwanangu nimeshakusikia," alisema. "Kaka yangu amebaki na neno moja tu la kuniambia, kaburi liko wapi. Namba nyingine ya kunipigia anayo?"

Maneno yale niliyatafsiri yote, sikupunguza kitu. Mzee akaitoa simu mfukoni, akaiwasha pale pale langoni. Tukasimama watatu tukiitazama. Haikulia siku ile, wala katika safari zote nilizofanya naye baadaye sauti ya yule kaka haikurudi.