Mtu wa Tatu

Siku ya kusikilizwa kwa dai langu la bima tulikuwa wanne: afisa wa serikali anayesimamia bima, wakili wa kampuni iliyokataa kulipa, mimi na mdogo wangu Zaituni. Bodaboda yangu ilikuwa imevunja kibanda cha chapati cha Mama Sifa, Bwaise. Barua ya afisa ya kuniita ikasema nije na mtu wa tatu. Kwa akili yangu ya darasa la tano, nikahesabu yatima wa kwetu: wa kwanza mimi, wa tatu Zaituni. Nikamwombea ruhusa shuleni. Mama Sifa alitaka kuja, nikamwambia hajaitwa.

“Binti, ulipata hasara gani?” wakili aliuliza.

“Nimekosa mtihani wa hesabu.”

Afisa alijifunika uso kwa faili. “Ssebo, bwana wangu, kwenye bima mtu wa tatu ni aliyepata hasara, mwenye kibanda!”

Bila yeye kampuni haikulipa, na Mama Sifa bado anakaanga juani. Deni la kibanda chake liko shingoni mwangu.