Mtaro wa Barabara Kuu

Mtaani walimwita Kiguu na Njia, naye akalichukulia jina hilo kama cheo. Miaka ishirini na miwili alikuwa akisoma mita za maji nyumba kwa nyumba, daftari kwapani, na hakukuwa na kichochoro asichokijua. Mwenye gari, kwake yeye, alikuwa mgonjwa asiyejijua. "Mtu mzima, miguu yake miwili mizima, anabebwa kama gunia la mkaa," alikuwa akisema, "halafu akishuka anahema yeye!"

Na katika wagonjwa wote, hakuna aliyemchefua kama shemeji yake, kaka wa mkewe. Huyu alikuwa na kigari ambacho mlango mmoja ulifunguka kwa ndani tu. Alikiendesha kwenda kununua kiberiti, na duka lenyewe liko nyumba ya nne! Akifika hapati pa kukiegesha, anazunguka mtaa mzima, anarudi kukiegesha mlangoni kwake, kisha anakwenda dukani kwa miguu. Jamani! Na bado anatembea akizungusha ufunguo kidoleni, watu wauone.

Sasa binti wa Kiguu na Njia aliitwa kwenye usaili wa chuo cha uuguzi. Lango lingefungwa saa mbili kamili asubuhi, na barua ilisema wazi kwamba atakayechelewa hataitwa tena. Msichana alikuwa ameingoja barua hiyo miaka miwili.

"Tutakata vichochoroni," baba akasema mezani jioni ile. "Dakika kumi na nane."

"Baba, nivae viatu vyeupe nifike na matope? Mjomba atanipeleka."

"Dakika tano tu, shemeji," mjomba akadakia huku akitafuna. "Mtoto afike kama watu."

Kama watu! Kiguu na Njia alitaka kucheka. Mchana huo huo msimamizi wao ofisini alikuwa amewatangazia kwamba barabara kuu ingechimbwa mtaro alfajiri, bomba libadilishwe. Alilijua hilo yeye peke yake pale mezani. Akafungua kinywa, akamtazama shemeji na ule ufunguo kando ya sahani, akakifunga. Mwache akwame, akajiambia. Binti atapiga simu, nitamtoa kwa kichochoro dakika sita tu, na habari ya kigari itaishia hapo milele.

Asubuhi alitangulia langoni kwa chuo, akasimama na mikono nyuma, roho kwatu. Honi za magari zilisikika hadi huku. Pigeni, akawaza, labda mtaro utawaogopa. Saa mbili kasorobo simu ikalia.

"Baba, wamechimba barabara! Hatuendi mbele wala nyuma!"

"Shuka," akasema, tena kwa raha. "Upande wa kushoto kuna mita yenye kioo kilichopasuka. Ingia hapo. Ukiona mbili zenye mfuniko mwekundu, kunja kulia, nenda mpaka ile inayovuja."

"Mita gani, baba? Sioni mita yoyote!"

"Ala! Umezaliwa hapa na huoni mita? Ziko ukutani, chini!"

"Niambie duka, niambie rangi ya nyumba!"

Akatafuta kichwani. Rangi ya nyumba? Miaka ishirini na miwili alikuwa amepita ameinamisha shingo, akisoma namba. Hakuijua rangi ya nyumba hata moja. Hapo raha ikamtoka. Akakimbia kumfuata, akafika mtaroni akihema, akamkuta shemeji peke yake ndani ya kigari, jasho linamtiririka.

"Ameingia kichochoro kile pale," shemeji akasema, akionyesha kisichokuwa chenyewe.

Alipomkuta binti, huko huko langoni, ilikuwa saa mbili na dakika tisa, na lango lilikuwa limefungwa. Msichana alisimama nje, viatu vyeupe mkononi, miguu imejaa tope. Mlinzi hakutaka hata kuitazama barua.

"Baba," akasema taratibu, "wale wanaochimba ni watu wa ofisini kwenu. Jana ulijua?"

Kiguu na Njia akainamisha shingo, akaitazama mita iliyokuwa ukutani kando ya lango.

Kigari kikatokea baada ya muda, kimezunguka mbali, kimejaa vumbi. Shemeji akajinyoosha, akamfungulia binti mlango mbovu kwa ndani. "Twende, mjomba," binti akasema, bila kumtazama baba yake.

Kiguu na Njia akarudi kwa vichochoro vyake, akafika nyumbani kwanza, kama kawaida yake. Mkewe akatoka na povu la sabuni mikononi, uso umechangamka, akauliza mtoto amefanyaje.

"Anakuja na gari," akajibu, akakaa kizingitini, akiomba gari hilo lichelewe.