Samaki wa Marehemu

Ufundi wa redio nilijifundisha mwenyewe, kwa kufungua na kufunga, na hadi leo sipati usingizi kama skrubu moja imebaki mezani. Kwa hiyo rafiki yangu alipougua ugonjwa wa akili, nilimpokea kama ninavyopokea redio ya mteja: nikaapa kumrudisha bila mkwaruzo.

Tulikuwa tumepanga chumba kimoja Bombambili, miaka ile biashara ilipofunguliwa na redio za kaseti zikaingia Songea kwa wingi. Mimi nilitengeneza redio barazani, yeye aliuza mitumba sokoni. Ugonjwa ulianza kwa yeye kumjibu mtangazaji wa taarifa ya habari. Mwanzoni sikushtuka, hata mimi huwa namjibu. Ila mwenzangu alikuwa akisubiri majibu, kisha anayakasirikia. Akalazwa. Alipotoka, tulipewa vidonge na agizo: ameze kila siku, akishakula.

Hakula. Kaka yake akaja kutoka kijijini, akatuangalia, akaniambia mimi:

"Mdogo wangu, nakupa hadi Jumapili. Kama bado hali, hamezi, namchukua. Kule kwetu kuna mganga."

Mganga huyo nilimjua kwa sifa: wagonjwa wake aliwafunga mguu kwenye gogo. Nikasema, "Atakula, kaka."

Nikatunga sheria. Hakuna kelele, hakuna kucheka. Nikazima redio zote, nikafagia uwanja, nikatandika mkeka. Majirani wavue viatu, waseme "pole" kwa sauti ya chini, wakae kidogo, waondoke.

Aliyepata shida ni mama mwenye nyumba. Yeye ni Mhehe, rafiki yangu ni Mngoni, na Wahehe na Wangoni ni watani tangu mababu zao walipopigana. Kila asubuhi alimwita mla panya, naye akajibiwa mla mbwa, ndipo siku ianze.

"Nisimtanie mtani wangu?" akaniuliza.

"Anaumwa, mama."

"Sasa nimwambie nini?"

"Pole tu."

Akanitazama kana kwamba nimemwambia avae suruali.

Wote walitii. Rafiki yangu akazidi kunyamaza. Jumamosi mchana, roho mkononi, nilimpikia mbasa kutoka Nyasa, samaki anayempenda kuliko ndugu zake. Ugali niliufinyanga mduara kamili, mchuzi usiuguse. Akautazama kwa upole.

"Usijisumbue, ndugu yangu. Mimi nimekufa."

"Hujafa!"

"Nimekufa, mnanificha tu. Mkeka umetandikwa. Watu wanavua viatu, wanasema pole, wanaondoka. Redio zimezimwa. Hata mtani wangu hanitukani." Alinionea huruma. "Maiti hamezi dawa."

Kila alichokitaja nilikuwa nimekipanga mimi, tena kwa ustadi. Nikaanza kulia, na kilio changu kikawa ushahidi mwingine.

Mama mwenye nyumba akatokea mlangoni na mwiko wake.

"Nani kafa?"

"Mimi," akasema rafiki yangu.

Nikampungia mama mkono anyamaze. Lakini alikuwa amevumilia vya kutosha, na msibani mtani ana haki yake: huvaa nguo za marehemu, huigiza mwendo wake, hulala hata kaburini, wala hakuna wa kumkemea.

"Afadhali!" akasema. Akatungua msumarini koti la rafiki yangu, lile la mtumba alilokataa kuliuza, akalivaa. Halikufungika kifuani. "Mla panya katuachia koti. Na samaki pia? Maiti hali."

Akaketi, akavuta sahani, akala. Mimi nilisimama na kitambaa mkononi, nikiliwaza lile gogo. Alimaliza upande mmoja wa samaki, akamgeuza, akamaliza wa pili. Vidole vikaelekea kichwani.

"Kichwa uache."

"Nani huyo? Mimi sisikii wafu."

"Nimesema kichwa uache, mla mbwa we! Na koti langu unalipasua!"

"Wangoni bwana! Hata kaburini wanadai kitoweo."

Rafiki yangu akamnyang'anya sahani. Alinyonya kichwa hadi macho, akakomba mchuzi, ugali wangu wa mduara akaumega bila heshima yoyote. Mama akamnyooshea vidonge.

"Meza, tuone kama kwa maiti vinapita."

Vikapita.

Sisemi alipona pale. Zipo siku alirudia kusema amekufa, na wodini alirudi tena. Vidonge vilifanya kazi yao, polepole. Lakini Jumapili kaka yake alipoingia na kamba ya katani begani, alikuta redio zote zinalia, watu wamevaa viatu, na mdogo wake anatukanana na mama mwenye nyumba uani.

"Anakula?" akauliza.

"Anakula cha kwake na cha kwangu," akajibu mama.

Kamba ile kaka alirudi nayo kijijini imefunga furushi la mitumba, zawadi ya watoto wake.

Kazi ya kumpa vidonge ikabaki kwangu, na bila tusi hakumeza. Kabila langu halina utani na Wangoni, nami kutukana sikulelewa. Nikajifundisha mwenyewe, kama redio, mbele ya kioo. Kila asubuhi nilimpelekea uji, vidonge na tusi moja nililolinyoosha vizuri. Alisikiliza, akatikisa kichwa.

"Hilo nalo tusi? La jana lilikuwa na nafuu," alisema, akameza.