Mkasi Wangu na Brashi ya Mzee wa Kenmore

Nakumbuka siku moja ya mwaka 2015, mwanangu, siku niliyojiona fundi kwa sababu tu nina mkasi mkononi. Nilikuwa kijana, kazi yangu kumtunza mzee mmoja Mchina pale mtaa wa Kenmore, huku ughaibuni: nampikia, namfulia, nampangia dawa. Mezani kwake kulikuwa na brashi ya kuandikia yenye mpini wa mwanzi, aliyoachiwa na baba yake. Ncha yake ilikuwa imechongoka, nywele chache zimezizidi nyingine. Mimi mpenda usafi nikazikata zikawa sawasawa. Hakuna aliyenituma. Kiherehere tu!

Mzee alipoiona, aliketi. Jumamosi ile mjukuu wake alikuwa anaolewa mji wa Columbus, na mzee ndiye wa kuandika maneno ya baraka kwenye karatasi nyekundu.

"Umeikata ulimi," akasema. "Sitaandika."

Nililia, mwanangu, wala sikuona haya. Maji yakimwagika hayazoleki.

Nyumbani kwetu, mtaa wa Black Rock, nilimweleza baba mdogo, aliyechunga ng'ombe na mbuzi milima ya Kivu tangu utoto. Usidhani alinipa pole.

"Donc, we unakata kitu ya mutu na hauyuwe kazi yake? Bon, rudia kwa ule muzee, umuulize vile wanaitengenezaka."

Nikarudi, nikauliza brashi hutengenezwaje. Mzee alininunia kwanza, kisha hamu ya kufundisha ikaishinda hasira. Watu wa kwao, alisema, humsifu jemadari mmoja wa kale kwamba ndiye aliyeibuni brashi. Lakini makaburini zimefukuliwa brashi zilizomtangulia, za manyoya ya sungura yaliyofungwa kwa uzi kwenye mwanzi, na vyungu vya kale zaidi vina michoro ya brashi. Jemadari huenda aliiboresha tu. Siri ni moja: ncha ya unywele iachwe ilivyoota. Hukatwa shinani, kamwe si kileleni. Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya, uso ukaniwaka.

"Manyoya ya mbuzi yanafaa?"

"Sana."

Ee, mbuzi! Fimbo ya mbali haiui nyoka, na yetu ilikuwa karibu. Baba mdogo alinipeleka shambani nje ya mji, tunakonunua mbuzi wa sherehe. Akawapapasa weupe watatu shingoni, akamkubali mmoja, tukamkata manyoya shinani, tukampelekea mzee. Mzee akachambua manyoya, akayapanga ncha kwa ncha. Mimi nikapasua ncha ya mwanzi manyoya yaingie, kama walivyofanya wale wa kale, na baba mdogo akakaza uzi kwa fundo lake la kufungia ndama. Ijumaa tukaichovya kwenye wino.

Ikaandika! Mstari mnene, kisha mwembamba kama uzi.

"Eeh Yesu, inaandika!" baba mdogo akapiga kelele.

Jumamosi, huko Columbus nilikomsindikiza, mzee aliandika baraka zake mbele ya wageni wote. Alipomaliza akauinua mkono wangu juu: "Huyu ndiye fundi wangu." Mimi niliyeharibu! Ukumbi ukapiga makofi, nikatembea kifua mbele.

Basi, mwanangu, usinyooshe kitu ambacho hujui kwa nini kimepinda. Kuuliza si ujinga. Ukishaharibu, usijifiche, mwendee mwenyewe, ujifunze kilivyotengenezwa, kisha utoe ujuzi wa kwenu, hata ukiwa wa kuchunga mbuzi tu. Mungu akupe watu wa kukukemea bila kukuacha, na mikono inayoweza kutengeneza ilichoharibu.