Nyumba ya Tura Isiyo na Msumari Hata Mmoja

Saa kumi na mbili asubuhi, porini nje kidogo ya kijiji cha Tura, Emilian Kasimiri anavua mkanda wa suruali. Anautundika kwenye tawi pamoja na panga na funguo za nyumbani. Baiskeli ameshaiacha hatua mia moja nyuma. Anaingia kazini suruali ikiwa imefungwa kwa kamba ya gome la myombo.

“Usinione hivi ukadhani nimefumaniwa,” anasema. “Humu chuma hakiingii.”

Humu ni kibanda cha miti na nyasi alichokijenga mwenyewe, na sasa anawalisha wageni wake: ndege kumi na wawili, wadogo, rangi ya majani makavu. Kila mwaka hushuka kutoka Ulaya, na ikifika Machi hutaka kurudi kwao. Jioni kila mmoja kwa zamu huwekwa ndani ya kikapu cha karatasi, juu ya kigoda katikati ya sakafu. Mikwaruzo ya kucha zake kwenye karatasi huonyesha anakotaka kwenda.

Emilian, mwenye miaka 61, ni fundi wa mizinga ya nyuki. Miaka arobaini ameshona magome kwa vijiti, bila msumari. Zamani aliuza mizinga sitini kwa mwaka. Mwaka jana, watu walipohamia mizinga ya mbao, aliuza tisa.

Ndipo akaja Daktari Parin Kurban, mtafiti wa ndege, mzaliwa wa Tabora mjini, akitaka kibanda.

“Baba yake anauza misumari, imejaa hadi barazani,” Emilian anacheka. “Binti ananiambia hataki hata mmoja! Nikamwuliza, mama, mmegombana na mzee?”

Hawakugombana. Parin anasema katika jicho la ndege imo protini ambayo huenda ndiyo dira yake. Ikipigwa na mwanga wa buluu, elektroni mbili zilizokuwa pamoja hutengana, lakini hubaki zikisikilizana. Sumaku ya dunia huigusa hali hiyo, na yamkini ndege huona kaskazini kama kivuli machoni. Chuma kikiwa karibu, kivuli huvurugika.

“Mimi protini naijua ya maharage,” anasema Emilian. “Hiyo nyingine ni kama mtu na mkewe walioachana, bado wanapigiana simu. Nimeelewa? Sijaelewa. Ila kujenga bila chuma naweza.”

Akajenga. Mlango ukaning’inia kwa ngozi ya mbuzi, na mwenye nyumba akatembea kijijini kifua mbele.

Ndege wakamwaibisha. Wiki ya kwanza mikwaruzo ilikwenda ovyo: mmoja Kigoma, mwingine Dodoma, wa tatu akazunguka kama mlevi wa wanzuki, pombe ya asali. Parin akabadilisha taa. Akapekua nyasi za paa kwa vidole. Zilipobaki siku nne ndege waachiwe, akasema kibanda kisipofaa utafiti utahamia kwingine, na kazi ya mzee itakuwa imeishia hapo.

“Mzee Emilian, una hakika hakuna msumari?”

“Daktari, mimi Mkatoliki. Nakuapia, nyumba hii haina msumari.”

Na kweli haikuwa nao. Parin akaweka dira juu ya kigoda. Sindano ikageuka, ikaelekea pembeni. Akaisogeza ukutani, ikarudi kaskazini. Wote wawili wakatazama sakafu.

Emilian alijua kilichoko chini. Kwao nyumba mpya haikaliwi mpaka lifukiwe jembe la chuma katikati, ili itulie. Hilo alilolifukia hapa, babu wa babu yake alilipwa kwa kubeba mizigo ya msafara.

“Mbona hukusema?” Parin aliuliza alipoambiwa.

“Wewe uliuliza habari za nyumba. Jembe si nyumba, mama. Jembe ni heshima ya nyumba.”

Angeweza kunyamaza, alifukue baadaye akiwa peke yake, lakini alisema. Alipiga magoti, akafukua kwa kijiti, binti wa muuza misumari akimtazama. Parin alinuna. Kisha akacheka hadi akaketi chini.

Jioni ile ndege tisa walikwaruza kaskazini.

“Na wale watatu?” anaulizwa.

“Sijui. Hata Daktari hajui,” anasema Emilian, akikuna kichwa. “Mimi nina macho makubwa kuliko yao na Igunga nimepotea mara mbili. Labda hao watatu wameipenda Tura.”

Jembe sasa liko nyumbani kwake, uvunguni mwa kitanda. Mkewe, Magreth, hana huruma: “Tangu liingie humo, mwenzangu kila asubuhi namkuta kichwa kiko upande wa miguu. Ndege wamepona, amebaki yeye.”

Ndege wataachiwa Jumamosi. Parin ameagiza kibanda cha pili kwa msimu ujao, na Emilian anaota siku vijana wa Tura watakapomjia wajifunze ujenzi wa vijiti.

Kwa sasa ameketi mlangoni kwake nyumbani, anachonga kipande cha mninga. Mpini tayari. Anakwangua bapa lake, analipuliza vumbi, analiinua juani. Ni jembe.

“Nyumba lazima itulie,” anasema. “Ila safari hii nimemwonyesha Daktari kabla ya kulifukia.”